Miiba Katika Oili ya Baba

Harufu ya oili iliyoungua huingia puani polepole na haitoki upesi. Ni nzito, ina ukali wa moshi na utamu kidogo kama wa sukari iliyosahauliwa jikoni. Nyumbani kwetu Khunyangu harufu hiyo ilikuwa harufu ya Jumamosi, hasa katika miezi ya mvua ndefu, ilipochanganyika na ya udongo uliolowa na ya maharagwe yaliyokuwa yakichemka tangu asubuhi. Baba aliwasha pikipiki na kuiacha ingurume pale uani bila kwenda popote, ili oili ya zamani ipate moto na kulegea kabla ya kumwagwa. Ngurumo ile isiyosogea ilikuwa kama kengele. Kabla hajaizima, majirani walikuwa wamekwisha kushika njia, kila mmoja na mkebe wake mkononi.

Kwetu oili chafu ilikuwa mali. Mchwa wa upande wetu hawana huruma. Nguzo unayoichimbia leo, ukizubaa mwaka mmoja unaikuta imebaki ganda tupu. Mvua ikianza tuliwala kumbikumbi kwa furaha, tukiwakaanga na chumvi, na ndugu zao wa chini ya ardhi nao walizila nyumba zetu kwa furaha hiyo hiyo. Dawa iliyokuwapo ni kupaka nguzo oili chafu, na waliopaka ni akina mama, kwa viganja, kwa sababu kitambaa kiliinyonya oili yote na kuipoteza bure. Walianzia chini, wakasugua kila ufa wa mti hadi weusi ukaingia ndani. Katika eneo letu lote pikipiki ilikuwa moja, ya Baba, kwa hiyo nguzo za jirani zetu zote zilitegemea injini moja.

Pikipiki yenyewe haikuwa ya Baba hasa. Yeye alikuwa mwalimu wa kanisa, mwinjilisti mwenye makanisa madogo kadhaa ya kuyazungukia, mengine ya karibu na Butula, na la mbali kuliko yote likiwa Busibwabo. Waumini walikuwa wameuza pamba na kuku hadi wakamnunulia, ili mahali popote pasikose neno siku ya Bwana. Siku ya kumkabidhi, mzee wa kanisa, Mzee Zakaria, alimwambia mbele ya watu wote kwamba ikifa hiyo, nyingine haitapatikana. Watu walicheka, lakini Baba hakucheka. Tangu siku hiyo aliitunza kama mtu anayetunza mtoto wa mwenziwe.

Mama Nekesa, jirani yetu wa ng'ambo ya kijito, ndiye aliyeanzisha mambo. Alikuja Jumamosi moja na mkebe wake, akasimama karibu na Baba, akanyoosha viganja vyake vyote viwili kama mtu anayeomba. Vidole vyake vilikuwa na mikwaruzo midogo midogo myekundu.

"Mwalimu, nashukuru sana kwa oili ya mwezi uliopita," alisema. "Lakini ilikuwa na miiba."

"Miiba? Mama Nekesa, oili haioti kichakani."

"Mimi sijui inaota wapi. Najua imenichoma."

"Labda ni nguzo yako ndiyo imekuchoma."

"Nguzo ile mimi naijua kuliko ninavyomjua bwana yangu," alisema, na kina mama waliokuwa nyuma yake wakaangua kicheko. "Haijawahi kunichoma. Hata yeye hajawahi."

Baba alitabasamu, lakini nilimwona amekunja uso kidogo. Nadhani alifikiri ni utovu wa shukrani, mtu kupewa kitu cha bure kisha akakitafutia kasoro. Desturi yake ilikuwa kumwaga oili moja kwa moja kwenye debe jeusi la zamani, kisha kuwagawia watu kutoka mle. Hakuwahi kuitazama. Nani hutazama anachokitupa? Lakini alikuwa mtu wa haki, na jambo lililosemwa mbele ya watu hakulipita hivi hivi. Alinituma jikoni nikalete beseni jeupe.

Nilikuwa msichana wa darasa la nne, na beseni lile lilikuwa la Mama la kuoshea mboga. Mama alitoka akilifuata.

"Baba Rael, usiniambie unaweka uchafu wa pikipiki kwenye beseni langu."

"Ni leo tu, Mama Rael. Nataka kuona kitu."

"Kitu gani ndani ya oili? Ni nyeusi. Umekwisha kuiona."

Baba alifungua nati ya chini ya injini, na oili ikashuka kama uzi mweusi unaong'aa, moto, ikitoa mvuke. Nilishika beseni kwa ncha za vidole. Ilipokwisha kudondoka alilichukua, akalisogeza nje ya kivuli cha nyumba, akaliinamisha polepole upande mmoja kama mwanamke anayepepeta mchele. Oili ilirudi nyuma, na pale kwenye weupe wa beseni zikabaki chembe. Jua lilizipata zikametameta. Kwangu mimi mtoto zilikuwa nzuri, kama magamba ya samaki wadogo, nikasema hivyo. Baba alichukua moja kwa ncha ya kidole, akaisugua kwa dole gumba, akashtuka, akakitazama kidole chake. Kisha akamgeukia Mama Nekesa na kumwambia kwa sauti ya chini, "Mama, unisamehe. Ni kweli."

Kesho yake alikuwa anangojwa Busibwabo. Kulikuwa na watu waliomaliza mafundisho yao, na alikuwa awaandae kwa ubatizo. Jioni ile Mzee Zakaria alifika akiwa amekwisha kusikia habari, akaketi sebuleni na kofia yake juu ya goti.

"Inawaka?" aliuliza.

"Inawaka."

"Inavuta?"

"Inavuta, mzee. Lakini inajila ndani."

"Mwalimu, hiyo ni kazi ya Mungu. Weka oili mpya, omba, uende. Imani iko wapi?"

"Mzee, kama nisingeona, ningeenda, na Mungu angenihurumia mjinga wake. Sasa nimeona. Nikienda, hiyo si imani, ni kumjaribu."

Kisha akamkumbusha kwamba bandu bandu huisha gogo. Mzee Zakaria aliijua methali hiyo kuliko sisi sote, lakini alitikisa kichwa akasema gogo halina ratiba ya ibada, kanisa linayo. Aliondoka bila kumaliza chai, na kwetu sisi, mgeni kuacha chai ni maneno mengi.

Alfajiri Baba alianza safari ya Busibwabo kwa miguu, viatu vikiwa begani. Mvua ilinyesha tangu kulipokucha. Alikuta mto umefurika hadi juu ya daraja la magogo, akangoja ng'ambo hii hadi alasiri, akarudi. Alimpa mchuuzi mmoja wa samaki ujumbe awapelekee watu wa Busibwabo mto ukipungua. Kama ulifika au haukufika, hatukupata kujua.

Pikipiki ilipakiwa kwenye lori la mahindi ikapelekwa Malaba, kwa fundi Opio aliyesifiwa pande zote mbili za mpaka wa Uganda. Nilikwenda na Baba. Opio alikuwa mtu mwembamba mwenye maneno mengi, aliyechanganya Kiswahili chetu na cha Uganda. Baba alikuwa amezifunga chembe katika kitambaa cheupe kama mtu anayebeba sadaka. Opio akazifungua, akazipitishia sumaku aliyoitoa katika spika ya redio mbovu, nazo zikairukia.

"Ssebo, kila injini inajisaga," alisema, akimwita Baba bwana kwa Kiganda. "Ikiwa ni unga tu, laini kama majivu, wewe badilisha oili, kunywa chai, lala. Lakini hii inachoma mkono. Hii ni beringi inakufa, na ikifa inakufa na wenzake."

Alipoifungua injini alituonyesha: goroli za beringi zilikuwa zimemenyeka kama viazi vilivyochemshwa. Alisema ingeweza kujifunga barabarani wakati wowote, gurudumu likakwama na Baba akarushwa. Baba alivua kofia yake pale pale katikati ya vyuma, akashukuru. Opio naye akavua, ingawa mikono yake ilikuwa imejaa grisi.

Tatizo lilikuwa beringi mpya. Ilipaswa kutoka upande wa pili, na siku zile mpaka ulifungwa na kufunguliwa bila mtu kujua sababu. Wiki zilipita, mahindi yakakua, yakatoa maua. Baba aliyatembelea kwa miguu makanisa yaliyofikika. Njiani watoto walimwimbia kwamba mwalimu wa pikipiki amekuwa mwalimu wa matope, naye aliwapungia mkono. Busibwabo alijaribu tena mara kadhaa, na kila mara ama mto ama homa ilimrudisha. Nilimsikia akiwaombea watu wa huko kwa majina, mmoja mmoja, kabla ya chakula, hadi ugali ukapoa.

Beringi ilipopatikana na pikipiki ikanguruma tena, safari yake ya kwanza ilikuwa Busibwabo, nami nikiwa nyuma nimeshika koti lake. Kabla hatujafika tulisikia ngoma. Kanisa letu halikuwa na ngoma. Baba alizima injini mbali kidogo, akaisukuma ili asiwasumbue. Chini ya paa jipya la nyasi, watu aliowafundisha walikuwa wamevaa kanzu za kanisa jingine, wakiimba pamoja na mhubiri kijana tusiyemjua. Mzee mmoja alitoka akampokea kwa mikono miwili.

"Mwalimu, tulikungoja," alisema, macho yake yakitazama chini. "Tulikungoja sana. Watu wakachoka."

"Mmebatizwa?"

"Tumebatizwa."

"Basi asante kwa Mungu," Baba alisema. Akaingia, akaketi benchi la nyuma kabisa kama mgeni, akaimba nyimbo alizozijua, na zile asizozijua akapiga makofi. Walipomwomba aseme neno, aliwabariki tu akaketi.

Wakati wa kurudi tulivuka mto, ambao sasa ulikuwa maji ya kifundo cha mguu. Nilimuuliza kama anajuta. Alipunguza mwendo ili nimsikie.

"Rael, watu hawakuwa wangu. Mungu amewatunza kwa mkono mwingine. Lakini hii nilipewa mimi," akapiga tangi la mafuta kwa kiganja, "na ningeiua kwa haraka yangu, makanisa mengine yote yangeniuliza." Kisha akaongeza, "Ila inauma."

Pikipiki ile ilimtumikia miaka mingi baadaye, hadi mimi mwenyewe nikawa mke wa mtu, na haikuwahi kumwangusha. Sasa mimi ni mzee, na Mungu amenipa miaka ambayo sikuiomba. Kuanzia Busia mjini hadi foleni ya malori ya Malaba, pikipiki ni nyingi kuliko punda walivyokuwa, na vijana wanabadilishia oili kando ya barabara huku injini jirani zikinguruma, oili nyeusi ikitiririka mtaroni pasipo mtu wa kuitazama. Nyumba ni za matofali, mchwa wamepoteza kesi. Siwalaumu vijana. Mteja anaita, na anayetazama sana hupitwa na abiria. Nami nimejifunza kwamba kutazama kuna gharama yake; Baba aliitazama oili akaiokoa injini, na kwa kuiokoa akawapoteza watu aliowapenda. Nilipokuwa kijana nilitaka mtu aniambie kama alipatia au alikosea. Siulizi tena.

Mwezi uliopita bodaboda ilinipitisha Busibwabo nikienda mazishini. Kanisa lile sasa lina kuta za mawe na paa la bati la buluu, na lilikuwa limejaa hadi watu wamesimama nje madirishani. Nilimwomba kijana aliyeniendesha asimame kidogo. Alizima injini, tukawasikiliza hadi wimbo ukaisha, kisha nikamwambia twende.