Damu ya Mgika katika Mguu wa Mgalu

Ni kweli, damu ile ilikuwa ya Mgika. Niliikana kwa miaka tisa: mbele ya mgonjwa, mbele ya mke wake, na mara moja mbele ya padri, ambaye aliuliza kwa udaku tu.

Kwa asiyetoka kwetu: ngoma za Wasukuma zina vyama viwili vinavyoshindana, Wagalu na Wagika. Baada ya mavuno hucheza uwanja mmoja kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule ambaye watazamaji wamehamia kwake. Anayebaki akilichezea vumbi hulala na aibu hiyo mpaka mavuno mengine.

Nilikuwa nimerudi kutoka ng'ambo na utaalamu wa kupasua na kushona mishipa ya damu, kazi niliyojifunza katika vyumba vyenye baridi ya kuhifadhia samaki. Nikapangiwa hospitali ndogo huko Bariadi, wakati huo bado Mkoa wa Shinyanga. Biashara zilikuwa zimefunguliwa milango. Madukani ulipata manukato ya Dubai na redio zenye taa za rangi, lakini hospitalini hapakuwa na glavu za saizi yangu. Nilivaa za bosi wangu, mwanamume mwenye viganja kama sepetu, nikizikaza kwa plasta.

Alasiri moja trekta likamleta kiongozi wa ngoma ya Wagalu kutoka Ipililo. Kundi lake hucheza na majembe: huyarusha juu, huyadaka. Siku hiyo alirusha la kwake vizuri mno. Lilipokumbuka kurudi lilimwangukia nyuma ya paja, juu kidogo ya goti, likakata mshipa mkubwa. Kuanzia goti kwenda chini mguu ulikuwa wa baridi. Nilikuwa na saa chache za kuushona. Nikishindwa, ungekatwa, na yeye angerudi Ipililo kuwa mtazamaji.

Aliyemfunga kitambaa na kupanda naye trekta alikuwa kiongozi wa Wagika, mpinzani wake wa miaka yote. Alikuwa amefura kwa hasira.

"Mayu," akaniambia, kama mama anavyoitwa kwa Kisukuma, "huyu kajikata makusudi. Watu walikuwa wanakuja kwangu! Walipoona damu, wote wakakimbilia kwake."

Tukapima damu za ndugu wa mgonjwa. Hakuna iliyofaa. Iliyofaa ilikuwa ya huyu mwenye hasira.

"Nitatoa," akasema. "Lakini aambiwe."

Na mgonjwa, kabla sijamchoma sindano ya usingizi: "Mayu, niwekee damu yoyote. Hata ya mtoza ushuru. Ya Mgika tu, usiniwekee."

"Haya," nikasema. Uongo wangu mkubwa kuliko yote maishani una silabi mbili.

Lenzi ya kukuzia niliazima kwa fundi saa wa sokoni, ambaye hakuiamini mikononi mwangu, hivyo akaja nayo na kuilinda akiwa amevaa gauni la chumba cha upasuaji kinyumenyume. Vibanio vyangu nilivivika mpira wa valvu ya baiskeli, visije vikaung'ata mshipa. Mwanga ulitoka kwenye taa za gari la wagonjwa lililoegeshwa dirishani. Nikachukua kipande cha mshipa kutoka mguu mzima, nikaanza kukiunga kwenye ule uliokatika.

Hapo mgonjwa akaanza kuimba. Dawa tuliyokuwa nayo humtenga mtu na maumivu lakini haimfungi mdomo. Aliimba kwamba Wagika wanacheza kama bata waliokanyaga makaa. Juu yake chupa ya damu ya Mgika ilikuwa ikidondoka, taratibu, bila kinyongo.

Mwenye damu alikuwa bado amelazwa kwenye benchi nyuma ya pazia. Alisikia kila neno. Akajibu kwa wimbo wake, kuhusu mtu anayerusha jembe juu na kusahau kwamba ana kichwa.

"Acha kutikisika," nikamwambia muuguzi.

"Unayetikisika ni wewe, daktari."

Kweli. Nikainua mikono, nikangoja kicheko kiniishe, nikaendelea. Nilipoviachia vibanio, unyayo ulibadilika rangi polepole, ukapata joto. Fundi saa akaweka kidole juu ya wayo, akatazama saa yake kwa makini.

"Inakwenda," akasema. "Ila inawahi kidogo."

Mgonjwa alipozinduka, swali lake la kwanza lilikuwa: damu ya nani?

"Ya mlinzi wa getini," nikasema.

Basi kila mavuno akawa anamletea mlinzi jogoo. Nilijaribu kumshawishi mlinzi akatae. "Daktari," akanijibu, akimshika jogoo miguu, "ukweli hauozi. Huyu ataoza."

Mguu ulipona, Mgalu akarudi uwanjani, na akawa anashinda. Kila aliposhinda, mpinzani wake aliimba kwamba ushindi ni wa Wagika, kwa kuwa damu inayocheza ni yake. Mgalu alijibu kwamba daktari amekana. Mimi nikahamia Mwanza, nikafundisha wanafunzi umuhimu wa kumwambia mgonjwa ukweli.

Kisha Mgalu akanipigia, kwa simu ya mkononi ya mwenye duka mmoja wa Bariadi mjini.

"Mayu, Wagalu wote wamo humu dukani. Wengine wamekalia mchele wa watu. Wamesema kama nina damu ya Mgika, niweke jembe chini leo. Sema."

Mlinzi alikuwa ameshastaafu. "Ni yake," nikasema. "Chupa nzima. Nisamehe."

Nikamsikia akiwaambia wenzake kwa Kisukuma, na mtu mmoja akiguna. Kisha akarudi kwangu.

"Mayu, watazamaji wakimwacha yeye wakaja kwangu, wanakuwa wa nani?"

"Wako."

"Na damu yake ilimwacha, ikaja kwangu. Miaka tisa, mayu. Haijarudi!"

Wagalu wakapiga vigelegele, mwenye duka akapiga kelele kuhusu mchele wake, na simu ikakatika.