Mahindi Katikati ya Njia Yetu

Njia ile tuliifyeka wenyewe, mimi na wenzangu wa kwaya, bila kutumwa na mtu. Kila Jumamosi tulitoka Kikula, mtaa wetu mjini, na baiskeli, majembe na mapanga yamefungwa nyuma, tukang'oa visiki mpaka mtu akaweza kupanda kilima bila kushuka kwenye baiskeli na kuliona ziwa la Tshangalele likimeta kwa mbali. Baada ya wiki nzima ya kelele za kiwandani, hiyo ndiyo ilikuwa raha yangu.

Mvua zilipoanza tulikaa nyumbani majuma kadhaa. Tuliporudi tukakuta njia yote imepandwa mahindi, kwa mistari iliyonyooka vizuri, na mwanamume mmoja anapalilia.

"Papa, hii ni njia yetu," nilimwambia. "Shiye ndio tulifyeka."

Alishangaa kweli. "Njia? Minye nilikuta udongo iko safi, nikasema Mungu amejibu maombi yangu."

"Haukuona alama za matairi ya kinga zetu?"

"Niliona. Nilizani ni watu wanapita tu."

Nilitaka kumfokea, lakini mahindi yalikuwa yamefika magotini, na mkewe alikuwa tayari anatuletea maji ya kunywa. Nikayanywa huku nimekunja uso. Kisha tukapita pembeni, kwenye majani marefu, na miiba ikatoboa tairi langu. Tulirudi mjini kwa miguu tukisukuma baiskeli, tukigombana juu ya nani aliyesema tungojee mvua ipungue.