Mwenye Programu Hasemi

Katika sheria zote za chama chetu, iliyonikera zaidi ilikuwa ile ya kufunga mdomo. Aliyeandika programu hakuruhusiwa kusema neno lolote wakati wenzake wanaijaribu. Mama alikuwa akisema kwamba mimi niliota mdomo kabla ya meno, kwa hiyo mtu anaweza kufikiria nilivyoteseka.

Tulikutana kila Jumamosi saa nane mchana, katika chumba cha watoto cha kanisa moja pale Makongeni, mwendo mfupi kutoka nyumba za wafanyakazi wa reli tulimokaa. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Tulijiita chama cha watumiaji wa kompyuta, jina kubwa kwa watu saba wenye kompyuta moja, nayo ilikuwa imetupwa na ofisi fulani ya mjini. Skrini yake ilitoa maandishi ya kijani, na haikuweza kukumbuka kitu usipoiwekea disketi. Hata hivyo tuliipenda. Hatukutaka kuitumia kupiga chapa barua, maana hiyo mimi nilikuwa nikifanya ofisini kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa. Tulitaka kuandika programu za kujibizana na mtu: michezo, mafumbo, maswali na majibu. Ubonyeze kitufe, mashine ikujibu. Padri alituachia chumba kwa sababu mwenzetu mmoja, karani wa baraza la jiji, aliandika programu ya kuwauliza watoto maswali ya katekisimu. Mtoto akikosea, mashine ilimwambia arudie kwa unyenyekevu.

Mwenyekiti wetu alikuwa mwalimu wa chuo cha ufundi, mtu mpole wa mtaa wa Umoja aliyevaa sweta hata jua likiwaka. Yeye ndiye aliyetuletea utaratibu ambao sijauona mahali pengine. Kwa kuwa mashine ilikuwa moja, na stima ilikuwa ikipotea inapotaka, kila programu iliendeshwa kwanza na watu. Mmoja alisoma mistari kutoka daftarini na kutii kila neno, hata likiwa la kijinga. Wa pili alishika namba zilizoandikwa kwenye vipande vya katoni na kuzibadilisha alipoamriwa. Wa tatu alichora ubaoni kile ambacho skrini ingeonyesha. Kisha mmoja wetu alicheza, na mwenye programu aliketi kwenye kile kiti kidogo cha watoto, magoti yakikaribia kidevu, kimya.

"Mtu akienda na mchezo wako nyumbani," mwalimu alikuwa akisema, "hutamfuata kumweleza."

Alisema kweli, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Mchezo wangu ulihusu mabehewa. Baba alikuwa mtu wa pointi katika yadi ya reli, yule anayegeuza reli ili behewa liende njia hii au ile, na kwa miaka mingi alirudi nyumbani akila kimya huku akipanga mabehewa juu ya meza. Kikombe kilikuwa behewa, kibakuli cha sukari kilikuwa behewa, na mtoto aliyenyoosha mkono kuchukua mkate kabla ya wakati aliambiwa, "Nani amekutuma?" Hayo ndiyo aliyowaambia vijana wa yadi waliogusa kitu bila amri, na ndiyo aliyotuambia sisi kwa kila kosa, la chumvi na la shule. Nilipofikiria mchezo wa kuandika, sikufikiria kwa muda mrefu. Mchezaji anapewa mabehewa sita yaliyochanganyika na njia mbili za kando, naye anatakiwa kuyapanga kwa mfuatano wa stesheni. Akikosea, skrini inamwandikia: NANI AMEKUTUMA?

Baba hakujua. Alichojua ni kwamba kila Jumamosi binti yake mzima wa miaka ishirini na minne anapiga pasi rinda na kutoweka hadi jioni. Aliniuliza mara moja tu.

"Mama, hizo Jumamosi unaenda wapi?" Aliniita mama kwa sababu nilipewa jina la mama yake.

"Kwa kompyuta."

"Ofisini si kuna kompyuta?"

"Kuna."

Akanitazama, akarudi kwenye gazeti lake. Nilijua anachofikiri, kwamba ama kuna mwanamume ama nimekuwa mjinga wa kufanya kazi bila malipo. Ningeweza kumweleza siku hiyo hiyo. Lakini nilitaka mchezo ukamilike kwanza, aukute umesimama wenyewe, aone kwamba miaka yote ile mezani kuna mtu alikuwa akisikiliza. Ndivyo nilivyojiambia. Ukweli mwingine ni kwamba nilimwogopa.

Kisha akastaafu. Nyumba ilikuwa yetu hadi mwisho wa mwezi, lakini Baba hakuwa mtu wa kusubiri kuambiwa. Alitangaza kwamba yeye na Mama wataondoka Jumatatu kwenda nyumbani, magharibi, alikokuwa amejenga. Mama alimwomba wiki moja aagane na wanawake wenzake wa kanisa. Akakataa. Shangazi alimwomba. Akakataa. Jumatano alikunja godoro la kitandani kwake, akalifunga kwa kamba ya katani, na kuanzia siku hiyo akawa analala kwenye mkeka, safari ikiwa bado siku tano. Mama alilala kwenye kochi na hakumsemesha.

Kwa hiyo nilibaki na Jumamosi moja. Ijumaa jioni nilimwomba Baba aje kanisani kesho, aone ninakokwenda. Nilishangaa alipokubali. Nadhani alitaka kumwona huyo mwanamume.

Siku hiyo nilifika mapema sana, na disketi mbili za mchezo wangu ndani ya bahasha ya kaki. Mbili, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa mkali wa disketi katika chama. Nilipigia watu kelele kwa vumbi, kwa jua, kwa vidole vya mafuta. Nilikuta chumba kimepigwa deki, maji yangali sakafuni, meza zimetolewa nje. Nikatafuta mahali pakavu na pa juu. Pembeni palikuwa na spika kubwa ya kwaya iliyolazwa chali, safi, haina hata vumbi. Nikaweka bahasha juu yake, nikajipongeza, nikaenda kumchukua Baba.

Tuliporudi wote walikuwa wamefika. Baba alipewa kiti cha pekee cha watu wazima, akaweka kofia yake magotini. Aliwasalimia mmoja mmoja kwa mkono, akiwakagua wanaume kwa zamu. Mwalimu alitia disketi ya kwanza. Mashine ilikoroma, ikaandika kwamba haioni kitu. Akatia ya pili. Ikakoroma vilevile.

"Ulikuwa umeziweka wapi?" mwalimu aliuliza.

Nikaonyesha spika kwa kidole, na kidole kikiwa bado hewani nikakumbuka kilichomo ndani ya spika. Sumaku. Sumaku kubwa ya kutosha kufuta kila kitu nilichoandika tangu Krismasi.

"Aki wewe!" alisema mchongaji, kijana wa Machakos aliyechonga twiga wiki nzima na kutuchorea picha za skrini Jumamosi. "Si ni wewe hutupigia makelele tukishika disketi na mikono ya mafuta ya chapo?"

Hakuna aliyecheka. Nilitamani sakafu ifunguke. Daftari langu lilikuwa na mchezo wa zamani, ule wa mwanzo. Mabadiliko yote niliyafanya moja kwa moja kwenye mashine, na kuyaandika upya kungechukua siku kadhaa.

Baba alichukua kofia yake. "Kama imeharibika, si tutaona siku ingine," alisema kwa upole, na upole huo uliniumiza kuliko ukali. Hakukuwa na siku nyingine na yeye alijua.

"Mzee, keti," mwalimu alisema. "Tutakuonyesha bila mashine. Huu mchezo tumeuendesha mpaka tunauota."

Kabla sijaelewa, karani alikuwa amesimama mbele na daftari langu, ambalo hakulitazama sana. Mwalimu alichukua katoni za namba. Mchongaji alichora ubaoni njia kuu, njia mbili za kando na mabehewa sita, kila moja na herufi yake. Nikamgeukia Baba nimweleze anachotakiwa kufanya. Mwalimu akaweka kidole kwenye midomo yake.

"Sheria ni sheria," alisema, akanionyesha kiti cha watoto.

Ningempiga na hicho kiti. Lakini nilikaa.

"Chagua behewa," karani alisema kwa ile sauti yake ya mashine, bapa, isiyo na salamu.

Baba alimtazama. "Hii ni mchezo ama ni intaviu?"

"Chagua behewa."

Baba akanitazama mimi. Nikatazama sakafu. Kila kitu ndani yangu kilitaka kupiga kelele kwamba hiyo ni yadi, Baba, ni yadi yako, ile ya mezani. Nikauma ulimi kikweli, nikasikia ladha ya damu. Yeye akageukia ubao, akaanza kuhesabu herufi kwa midomo. Nikaona kidole chake cha shahada kikisogea juu ya kofia, kushoto, kulia, kushoto.

"C," alisema hatimaye. "Peleka njia ya tatu."

"Mzee, njia za kando ziko mbili," mchongaji alinong'ona, na mwalimu akamkemea kwa macho, kwa sababu skrini nayo haisemi.

"Yadi gani haina njia ya tatu?" Baba aliuliza chumba kizima.

Karani alitafuta mstari, akaupata, akamwangalia Baba usoni bila kupepesa. "Nani amekutuma?"

Baba alishusha kichwa polepole, kama mtu aliyeitwa kwa jina na asiyemjua. "Umesema nini?"

Mashine huulizwa upya, hujibu upya. "Nani amekutuma?"

Baba akageuka kwenye kiti chake, akanitazama. Sikuruhusiwa kusema. Kisha akacheka. Baba yangu hakuwa mtu wa kucheka. Kicheko hicho kilianza tumboni na kikampandia hadi mabegani, kofia ikaanguka kwenye majimaji na hakuiokota.

Baada ya hapo alisogeza kiti hadi karibu na ubao. Alicheza kwa makini, akimwamuru mchongaji afute na kuchora upya, na mwalimu akihangaika na katoni zake. Alipanga mabehewa manne bila kosa. Nilikuwa nimeanza kupumua alipoinuka ghafla.

"Hapana. Hapana! B iko juu ya pointi. Mnageuza pointi na gari iko juu yake?"

"Programu inaruhusu, Mzee," alisema mwalimu.

"Basi programu haijui kazi. Hiyo behewa itaanguka. Kuna kijana atakatwa mguu hapo." Sauti yake ilikuwa imepanda, na haikuwa ya mchezo tena. Nilielewa kwamba kulikuwa na kijana kweli, mahali fulani, mwaka fulani, ambaye hakuwahi kumleta mezani kwetu. Alinigeukia. "Mama, si ungeniuliza?"

Alisubiri jibu. Mimi machozi yalikuwa yakinitoka na mdomo nimeufunga, maana nilikuwa nimeshaamua kwamba leo, hata dunia ipinduke, sitavunja ile sheria.

"Mwenye programu anaweza kusema sasa," mwalimu alisema polepole.

Watu wote walisubiri maneno yangu, na kwa mara ya kwanza tangu waanze kunijua sikuwa nayo.

"Nakuuliza sasa, Baba," nilisema.

Akachukua chaki kutoka kwa mchongaji. Aliongeza njia ya tatu. Alichora pointi zote na kuonyesha wapi mtu anasimama, anaangalia nini kabla ya kugusa mkono wa chuma, ishara gani anangoja. Alieleza mpaka jua likahama dirishani, karani wa baraza akiuliza maswali kama mtoto wa shule, na mimi nikiandika daftarini kwa kasi yangu yote ya kupiga chapa. Sikuwa nimewahi kumsikia akiongea hivyo. Nilikuwa na furaha kubwa, na nilikuwa na hasira pia kwamba nimemficha Jumamosi zangu muda wote huo.

Alipomaliza aliokota kofia, akaikung'uta maji. "Na hiyo mashine itaweza kuonyesha hii yote lini?"

"Nikiandika kila siku baada ya kazi," nilisema, "Jumamosi ijayo."

Aliwapa watu mkono, akamshika mchongaji bega, tukaondoka. Njiani aliongea kuhusu bei ya mabati.

Nyumbani Mama alikuwa akisonga ugali. Baba alipita bila kuvua koti, akaingia chumbani, na tulipomfuata tulimkuta amechuchumaa mbele ya lile godoro, anahangaika na mafundo.

"Si ulisema Jumatatu?" Mama aliuliza, mwiko mkononi.

"Jumatatu ziko nyingi."

Mama alinitazama, nikamtazama. Fundo la mwisho lilikuwa limekaza na vidole vyake havikuliweza, kwa hiyo nikakimbia jikoni nikamletea kisu. Alikikataa. Alisema nisikate kamba, tutaihitaji wiki ijayo.