Mlango wa Mbele

Kamati ya mtaa wetu wa Miritini ilipoamua kuiadhimisha nyumba ya babu, kwa kuwa ndiyo ya kwanza kujengwa upande wetu, watu wa Jomvu Kuu walicheka. Misikiti na makaburi yao yalikuwapo kabla babu hajafikiria kuteremka pwani na jembe lake. Sikuwajali. Nilikuwa katibu wa kamati, na kichwa kilikuwa kimenivimba.

Mama aliomba jambo moja tu. Nyumba ni ya udongo, na bibi alipokuwa akiikandika, mdogo wake mama, mtoto wa miaka mitatu, alibandika kiganja ukutani. Bibi akakiacha kikauke. Mwaka uo huo surua ikamchukua mtoto. Picha hakuwahi kupigwa, na kaburi lake lilipitiwa na barabara ilipopanuliwa. Kilichobaki ni hicho kiganja. Mama, ambaye sasa macho yamefifia, alisema siku ya sherehe atakuja akiguse.

“Kiko nyuma ya mlango wa mbele,” aliniambia kwa simu. “Mwambie fundi asikipake saruji.”

Nilimwambia fundi mara tatu, na mara ya tatu nilimwonyesha kwa kidole: mlango wa mbele ni huu unaotazama barabara, ukuta ulio nyuma yake usiuguse. Mimi mwenyewe sikukitafuta. Kuta zilikuwa zimepakwa chokaa miaka nenda miaka rudi, macho hayangeona kitu, nikasema mama atakipata kwa mkono. Huo ndio uvivu wangu. Fundi alinitii, akazipiga lipu kuta nyingine zote.

Siku ilipofika mama alikuja na gauni lake la kanisani. Nikamshika mkono, nikamfikisha kwenye ukuta tuliouhifadhi. Hakusimama. Alipita moja kwa moja mpaka mlango wa uani, akausukuma pembeni, akaanza kupapasa nyuma yake. Palikuwa laini kama sahani.

Hapo ndipo nilipokumbuka jambo ambalo nimelijua tangu utotoni. Babu alipojenga, nyumba ilitazama njia ya miguu ya kwenda Jomvu Kuu. Barabara ilipokuja akatoboa mlango mwingine, na ule wa zamani ukawa wa uani. Mimi nilizaliwa nyumba imekwisha kugeuka. Mama, mbele yake ilibaki kule kule.

“Mwanangu,” aliniita.

“Abee, mama.”

“Umempaka saruji.”

Fundi alisema anaweza kuibandua kwa patasi. Mama akakataa, akisema udongo wa ndani ungetoka pamoja na saruji, na kweli ungetoka. Nilimwomba radhi. Alinijibu kwamba amenisamehe, kwa sauti ya upole kabisa, na upole huo unaniuma mpaka leo. Heri angenitukana.

Nje, kipaza sauti kilikuwa kinamwita binti wa mwenye nyumba aje akate utepe. Wageni walishaketi, wanakwaya walishasimama. Mama hakugeuka. Alikuwa ameinama, anapapasa chini zaidi, pale panapofika mkono wa mtoto wa miaka mitatu. Nikamwambia wanamngoja. Akasema niende mimi. Nikatoka, nikapewa mkasi, nikaukata utepe, na watu wakapiga vigelegele.