Jiko la umeme wa joto: nilimwaga makapi ya alizeti mbele ya injinia

Wakuu, salaam kwenu. Haya yamenikuta mwenyewe hapa Mwankoko, Singida, na chumvi sijaongeza. Mkikuta maneno makali mnivumilie, hasira haijashuka.

Naanzia pale uvumilivu uliponiishia.

Injinia wa mradi wa majiko kachuchumaa jikoni kwangu, mita mkononi. Mama mkwe anapepea mkaa. Feni ya jiko inazunguka safi kabisa.

"Mama Neema, bamba ni zima," ananiambia. "Kila nikija ni zima. Tatizo ni matumizi."

Nikavuta debe la makapi ya alizeti nyuma ya mlango, nikayamimina yote motoni.

Mama mkwe akanisema kwa Kinyaturu, kwa sauti ya chini, mgeni asielewe. Sitafsiri.

Sasa nirudi nyuma kidogo.

Jiko hili lina bamba dogo ubavuni. Upande mmoja unaunguzwa na moto, upande wa pili una mapezi ya bati ya kuupoza. Ile tofauti ya joto na baridi ndiyo inazaa umeme. Yaani joto ambalo lingepotea bure linawasha taa na kuzungusha feni, feni inapuliza moto, moshi unapungua.

Wenzangu walifurahia kuchaji simu. Mimi nilichotaka ni feni. Neema hajafikisha miaka miwili na kifua chake hakitaki moshi. Zahanati waliniambia nimtoe kwenye moshi. Nimpeleke wapi? Napika naye mgongoni.

Bamba la kwanza lilikuwa dhaifu, feni inazunguka kama imelazimishwa, ila haikusimama. Baadaye watu wa mradi wakaja wakasema wameboresha, material mpya, umeme mwingi kwa joto lile lile. Wakabadilisha. Wakawasha kwa mkaa waliokuja nao, feni ikavuma, tukapiga makofi.

Walipoondoka, katikati ya ugali, feni ikasimama.

Na hili jiko bila feni ni baya kuliko mafiga, mdomo wake mwembamba. Moshi wote ndani. Neema akakohoa mpaka akatapika. Jiko likipoa, nikiwasha tena, feni inafufuka kama hakuna kilichotokea.

Nikapiga simu. Injinia akaja, akapima, zima. Akaja tena, zima. Kwenye mkutano wa kina mama akasema wapo wanaomwagia jiko maji halafu wanasingizia kifaa. Hakutaja jina. Hakuhitaji, wote walishanigeukia.

Jirani yangu akanitania, "Jiko lako linamwonea mgeni aibu."

Nilicheka, halafu nikaacha kucheka. Maana wenye aibu ni sisi.

Watu wa Singida mnajua. Sisi tulio karibu na mashine za kukamua mafuta, makapi ya alizeti ndiyo kuni zetu. Yana mafuta mafuta, yanawaka kama yametukanwa. Lakini mgeni hapikiwi kwa makapi, ni kumwonyesha dhiki yako. Mgeni akipiga hodi tu, mama mkwe anatoa mkaa wake wa akiba. Nikauliza majirani, nao hivyo hivyo. Hata siku ya mafunzo ya jiko, walipotuambia tupikie mkaa, tuliitikia "sawa injinia" na hakuna aliyesema huo mkaa hatupikii. Unamkosoaje mtu aliyekuja kwako?

Kwa hiyo mita yake ilikuwa haijawahi kuuona moto wetu.

Turudi jikoni. Makapi yakashika. Mita ikapanda, injinia akatabasamu. Kisha ikaanza kushuka. Feni ikanyamaza. Moshi ukajaa, Neema akaanza kukohoa mgongoni, injinia naye akaanza.

Tukatoka nje. "Moto huu mkali mno," akasema anafuta macho. "Ile material ina kiwango chake cha joto. Kikizidi inachoka, na upande wa baridi nao unachemka."

"Basi andika hivyo."

"Nitaandika jiko limetumika nje ya maelekezo."

Aliyejibu ni mama mkwe, ambaye mpaka hapo hakutaka hata kuniangalia.

"Mwanangu, ule mkaa ulikuwa heshima yako. Sisi tunapikia hayo."

Injinia akafunga mkoba wake, akaondoka.

Nilichojifunza: mgeni mpe heshima zote, ila mgeni aliyekuja kupima mpe ukweli kwanza. Wataalamu wa joto mlio humu, bamba la kuhimili moto wa makapi lipo? Na ninyi wa Sepuka na Manyoni, mnawasha nini wanapokuja kuwapimia? Wa kuniambia nitumie mkaa, aje nao.

Malalamiko nimeshayapeleka kwa mtendaji wa kata, yamegongwa muhuri, nakala iko kwa mradi. Nayaweka hapa kama yalivyo:

YAH: MALALAMIKO KUHUSU UPIMAJI WA JIKO

Mimi ni mkazi wa Mwankoko na mtumiaji wa jiko la mradi. Nalalamika kuwa bamba lililoboreshwa limepimwa kwa mkaa tu, wakati sisi tunapikia makapi ya alizeti. Kwa moto huo feni inasimama na mtoto wangu anavuta moshi. Jiko silikatai.

Naomba maneno "nje ya maelekezo" yaondolewe kwenye ripoti, na nirudishiwe bamba la zamani hadi jipya litakapouweza moto wetu.

Naomba pia vipimo virudiwe kwa makapi. Mpimaji aje wakati wa kupika, bila kutoa taarifa, ili tusipate nafasi ya kumwandalia mkaa.