Vidole Vinne vya Maji

Birika la mama mkwe wangu lilikuwa uani, katika mtaa wa Majengo, Thika. Lilijengwa kwa saruji, upana wake ukizidi kina chake. Maji yake yalikuwa ya udhu tu, na hakuna aliyethubutu kutia humo mkono usiooshwa. Wakati wa mvua yaliteremka kutoka kwenye paa la mabati. Wakati wa kiangazi tuliyateka bombani kwa madebe. Juu yake tulitandaza shuka jeupe jembamba, likakazwa kwa kamba kuzunguka ukingo, ili vumbi na ndege wasiyachafue. Fundo la kamba alilifunga mama mkwe mwenyewe, na hakuwahi kumfundisha mtu namna ya kulifunga.

Nilikuwa bibi harusi wa mwaka wa kwanza katika nyumba ile. Nitaeleza niliyoyaona, na pale nilipoambiwa nitasema nimeambiwa.

Ua ule ulikuwa na mpangaji mmoja, mjane wa Kikuyu aliyefulia watu nguo. Ilikuwa miaka ya hali ya hatari iliyotangazwa na wakoloni, na Mkikuyu hakukaa mjini kwa kupenda kwake. Alihitaji kibali, na kibali kilihitaji mwenye nyumba wa kusimama ofisini na kusema, "Huyu ni mpangaji wangu." Mama mkwe, ambaye hakuhitaji kibali kwa kuwa baba yake alikuwa Mmanyema wa Kongo, alikwenda akasimama na kusema. Bila chumba kile, mjane angehamishwa hadi kwenye vijiji vilivyozungushiwa handaki na miti iliyochongwa.

Wanawake hao wawili walipendana kwa njia ya kutaniana. Kila asubuhi mama mkwe alimchokoza.

"Sema birika."

"Bilika."

"Birika!"

"Si ndivyo nimesema? Bilika. Masikio yako ndiyo yamezeeka, mama."

Wakacheka, kila mmoja akaendelea na kazi yake.

Kiangazi kilipokolea, mpwa wa mama mkwe aliolewa Ruiru. Tulijaza birika mpaka kwenye mstari wa chokaa uliochorwa ndani ya ukuta wake, mama mkwe akafunga fundo lake, tukaondoka nyumba nzima. Ua tulimwachia mjane. Harusi ile ilikuwa na siku nyingi za kupika kabla yake na siku nyingi za kuosha masufuria baada yake. Tuliporudi Thika, vumbi lilikuwa limefunika hata majani ya mpapai.

Mama mkwe hakuingia ndani. Alikwenda moja kwa moja kwenye birika akafungua. Maji yalikuwa chini ya mstari. Akaweka vidole ukutani, kutoka kwenye chokaa hadi usawa wa maji.

"Vidole vinne," akasema.

Alizunguka birika akipapasa saruji kwa nje. Kavu. Akachota jivu akalipaka kwenye mshono wa chini, tukangoja tuone kama litalowa. Halikulowa. Kisha akainua macho akaona kamba ya nguo ya mjane: mashuka ya watu, meupe, bado yanadondosha maji. Na jirani alikuwa amekwisha kutuambia mlangoni kwamba bomba lilikuwa kavu siku zote hizo.

"Umefulia maji gani?" akamuuliza.

"Ya mto. Nimebeba kutoka Chania, mgongo huu ndio shahidi."

"Na haya yamekwenda wapi?"

"Mimi nitajuaje? Maji ni yako, fundo ni lako. Si umelikuta vile ulilifunga?"

"Umejifunza kulifunga. Kila siku unanitazama."

"Ngai! Mimi niache mto mzima nije kuiba katika bilika?"

Safari hii hakuna aliyecheka. Mama mkwe akamwambia, "Hata kulitaja huwezi, lakini kulichota unaweza." Majirani walikuwa wamejaa mlangoni. Mjane akawatazama, akanitazama na mimi, kisha akaanza kuanua mashuka yakiwa yangali mabichi.

"Atiriri," akasema, kama Wakikuyu wasemavyo wanapotaka mtu asikilize vizuri. "Mimi ni maskini, nakubali. Lakini mahali nimeitwa mwizi mbele ya watu, silali."

Nilikuwa nimesoma hadi darasa la nne. Nilijua kwamba maji yakichemka huwa mvuke, kwa sababu mwalimu alituonyesha kwa birika la chai. Hakutuambia kwamba maji hayana haja ya kuchemka. Kwa hiyo nilisimama pale na elimu yangu ya birika la chai, na hata mimi niliamini kwamba maji hayaondoki mahali bila mkono wa mtu.

Mjane alikwenda zake. Niliambiwa kwamba ofisini walimuuliza mwenye nyumba wake yuko wapi, akasema hana mwenye nyumba, wakakichukua kile kibali. Dada yake alifanya kazi katika shamba la kahawa Ruiru, naye akaombewa kibarua huko.

Mama mkwe hakuwa na furaha, ila alikuwa na hakika. Bomba lilikuwa limeanza kutoa maji tena, akaamuru tujaze birika hadi kwenye chokaa na lisiguswe. Udhu tutautafuta kwenye madebe. "Nataka hawa majirani waone," akasema. "Mwizi akiondoka, maji hutulia." Akafunga fundo.

Baada ya siku kadhaa aliwaita mashahidi walewale waliokuwa mlangoni. Alifungua kamba kwa madaha, akakunja shuka, akainama. Akapima kwa vidole, akarudia kupima, mpaka mwanamke mmoja akauliza, "Vipi, ametoka Ruiru usiku kuja kuchota?"

Mwingine akadakia, "Labda ameacha kivuli chake kimfanyie kazi." Wakaondoka wakicheka.

Mama mkwe alibaki na vidole ukutani. Vilikuwa viwili na nusu, na shuka lilikuwa limefungwa.

Siku ile alinitazama mimi. Nilijua sasa mashaka yale yanatafuta pa kutua. Mume wangu alileta bati zima lililobaki kwenye ujenzi wa jiko, akalilaza juu ya birika badala ya shuka, akaweka mawe. "Tuone sasa," akasema.

Alfajiri nilikwenda na mama mkwe kulifunua. Tulipoligeuza, upande wa chini ulikuwa umelowa wote. Matone yalikuwa yamejipanga kwenye migongo ya bati, mengine makubwa, mengine madogo kama vichwa vya sindano. Tulipoliinamisha yakakimbilia ukingoni, mengine yakadondoka ndani ya birika, mengine chini.

Alipapasa bati. "Haya yamepandaje?"

"Kama kwenye mfuniko wa sufuria, mama."

"Sufuria ina moto chini."

"Na hapa jua ni moto."

Nilisema bila kufikiri. Maneno yalipokwisha kutoka ndipo nilipoelewa nilichosema. Naye alielewa, kwa sababu aliketi chini, palepale kwenye maji yaliyomwagika, na kanga yake ikalowa. Shuka jembamba huzuia ndege, mvuke haliuzuii. Maji yalikuwa yakipanda mchana kutwa mbele ya macho yetu, kidogo kidogo, na sisi tukitafuta alama za kata ya kuchotea.

Tangu siku hiyo hakutawadha kwa maji ya birika. Nilimwambia maji ni safi. "Maji ni safi," akajibu. "Nimemsingizia mtu kwa ajili yake, kisha niyachukue nikasimame mbele ya Mungu?" Akawa anateremka Chania kabla ya jua, nami nikimfuata na debe. Asubuhi zile ukungu ulikuwa umelala juu ya mto, na jua lilipougusa ulinyanyuka ukapotea. Alisimama akautazama muda mrefu.

"Hata huku yanachukuliwa," akasema. "Na mto haujamshika mtu."

Nilimshauri aende Ruiru. Akasema atakwenda mvua ikinyesha, maana kwa jua hili miguu haimwezi. Nilifahamu kwamba si miguu.

Mvua za masika, za kupanda maharage ya njahi, zilipofika, zilikuja kwa fujo. Paa lilinguruma, mfereji ukatapika, na birika likajaa likapita chokaa hadi likafurika uani. Mama mkwe alisimama mlangoni. "Yamerudi," akasema. "Yote, na zaidi. Niliyemsingizia hajarudi." Kesho yake tulipanda gari moshi.

Tulimkuta mjane mbele ya vibanda vya wafanyakazi, ametoka kupalilia kahawa, matope yakiwa yamefika magotini. Pembeni yake palikuwa na debe la maji alilolipandisha kutoka bondeni. Mama mkwe hakungoja kukaribishwa.

"Nimekuja kukuomba radhi. Hukuiba. Ni jua."

"Jua?"

"Jua. Limeendelea kuiba ulipoondoka. Chumba chako kipo, sijaweka mtu. Twende ofisini, nitasimama tena niseme."

Mjane alifuta jembe kwa jani la mgomba. "Nilishauliza," akasema. "Wamesema Mkikuyu akishatoka mjini ametoka. Kibali hawatoi tena." Alisema hivyo bila hasira, na hilo ndilo lililokuwa zito kubeba. "Radhi nimekupa, mama. Lakini kurudi, hapana njia."

Mama mkwe alikuwa amejiandaa kwa matusi, si kwa jibu hili. Jua lilikuwa limefika utosini, na ili kupata la kufanya akauliza wapi anaweza kupata maji atawadhe, maana adhuhuri imeingia.

Mjane alichota kwenye debe lake kwa kibuyu, akapiga magoti mbele yake, akaanza kummiminia mikononi. Mama mkwe alitaka kumzuia, akashindwa. Maji yakapita vidoleni, yakaanguka kwenye udongo mwekundu uliokuwa tayari umeanza kufuka mvuke baada ya mvua ya usiku.

"Fanya haraka," mjane akamwambia, "kabla jua halijaiba."

Kisha akauliza, "Na bilika haijambo?"

Mama mkwe alikuwa akiosha uso, na aliuosha mara nyingi kuliko desturi.

"Bilika halijambo," akajibu.