Nguo Nyeusi Chini ya Mzigo wa Kisiwani

Harufu ya naftalini hunirudisha hadi leo chumbani kwa wazazi wangu, mtaa wa Katuba, Lubumbashi, kiangazi kile nilipokuwa na miaka kumi. Vidonge vile vyeupe vilikaa katika sanduku la bati chini ya kitanda, na sanduku lenyewe lilikuwa na kazi moja tu: kutunza nguo nyeusi za mama za kuvaa kwenye kilio. Halikufunguliwa ila mtu akifa. Basi asubuhi moja ya Julai niliposikia harufu ile ikitoka mlangoni, nami najua fika kwamba hakuna aliyekufa, nilipaswa kusema neno. Sikusema.

Mama alikuwa amefanyiwa upasuaji wakati wa mvua, na daktari alisema apumzike, mbali na makaa na kinu. Papa alikuwa fundi wa mashine, mtu asiyeweza kupigilia msumari bila kwanza kuchora. Akanunua daftari la shule, akaandika juu yake neno moja, Kisiwa. Kilikuwa kisiwa kidogo ziwani Mweru, mbele ya Kilwa, mji alikozaliwa mama na alikoishi bado mama yake, tuliyemwita Kambo. Katekista mmoja angetuazima nyumba ya vyumba viwili karibu na mchanga. Papa aliandika nani angepika na nani angefua, kwa kuwa mama hakutakiwa kugusa chochote, na ukurasa wa mwisho akachora kivuli cha mti na mkeka wa mama chini yake. Siri ile aliijua mdogo wake, dereva wa lori wa njia ya Kasenga, ambaye angetubeba. Niliijua na mimi, kwa sababu nilikuwa nimelikuta daftari na kulisoma, na papa akaniapisha nisiseme. Alitaka mama afurahi kwa ghafla.

Ila kwetu, siku zile, hakuna aliyesafiri ili apumzike. Watu walisafiri kufuata bidhaa, kwenda harusini au kwenda kilioni. Na mtu aliyefiwa haambiwi. Huambiwa mgonjwa amezidiwa kidogo, au kuna shauri la ukoo, hupakiwa garini, na ukweli huusikia mwenyewe akifika na kukuta watu wanalia. Hufanywa kwa huruma, asije akazimia njiani. Dalili zake kila mtu mzima anazijua: wanaume hunyamaza ukiingia, unapikiwa kuku siku isiyo na sikukuu, na safari haina sababu. Papa maskini alizitimiza zote. Alinong'ona na baba mdogo uani, akakatiza mama alipotokea. Alileta kuku ili mama apate nguvu. Na mama alipouliza tunafuata nini Kilwa, alimjibu kwa upole ambao haukuwa kawaida yake kwamba atajionea mwenyewe kule. Simu za Kilwa zilikuwa za kubahatisha miaka ile, kwa hiyo hapakuwa na wa kumwuliza.

Mama hakurudia kuuliza. Naye alifuata desturi: anayefichwa hamlazimishi anayemficha. Kuku alitusukumia sisi watoto, akawa anasonga bukari, ugali wetu, macho yako kwingine, akakonda wakati ambapo alitakiwa kunenepa. Asubuhi ile ya naftalini nilimkuta akizilaza nguo nyeusi chini kabisa ya mfuko, chini ya magauni yangu. Aliniona, akaweka kidole mdomoni. Nikawa sasa na siri mbili, ya papa na ya mama, na nilijiona mtoto mkubwa anayeaminiwa na wote wawili. Fahari ile bado inaniaibisha.

Lori la baba mdogo lilisimama Kasomeno ili tule. Mama akashuka, akapita nyuma ya lori, akarudi amevaa nyeusi toka kichwani hadi miguuni, akaketi chini, vumbini, katikati ya wanawake waliokuwa wakiuza mihogo. Wanawake wale hawakuuliza kitu. Waliacha bidhaa zao, wakasogea wakakaa naye.

"Papa Mado, mi nilichoka," mama alisema, akimwita papa kwa jina langu. "Uniambie tu. Mama yangu alikufa siku gani?"

Papa akatoa daftari mfukoni, akampa. Mama alilishika lakini machozi hayakumwacha asome. Ndipo nikasema mimi, "Mama, Kambo iko muzima. Tunaenda ku kisiwa, upumuzike."

Alinigeukia.

"Na we, ulikuwa unajua?"

Sijapata kuulizwa swali zito kuliko lile. Kambo tulimkuta Kilwa mzima wa afya, akamgombeza mama kwa kumvalia nyeusi angali hai. Kisiwani mama alilala siku mbili mfululizo chini ya mti aliouchora papa, na siku ya tatu akatembea mchangani na mama yake, amemshika mkono asiuachie. Tangu hapo papa hakumficha mtu msiba. Kambo alipofariki kweli, miaka kadhaa baadaye, aliketi karibu na mama akamwambia waziwazi, na ndugu wengine wakasema ana moyo mgumu. Mama hakusema hivyo.

Papa mwenyewe alituacha mwaka jana. Siku hizi watu wa mji huu huenda kupumzika bila mtu kuuliza nani amekufa, na binti wa yule katekista amenitumia kwa simu picha za nyumba, ina bati jipya. Nilipompigia mama kumweleza mpango wangu wa kumpeleka tena akapumzike, kabla sijataja kisiwa nilimtajia wote walio hai, mmoja mmoja, hadi watoto wachanga. Alicheka kidogo, mara ya kwanza tangu mazishi. Safari hii nguo nyeusi haiko chini ya mfuko. Ameivaa, na mwaka wa kilio unaisha Agosti.

"Tutaenda," alisema. "Hii nguo ya kilio cha papa yako, nitaivulia kule."

Nikalitoa daftari la papa. Chini ya orodha yake ya mizigo, kwa mwandiko wangu, nikaongeza mstari mmoja: kitenge cha rangi cha mama, kiwekwe juu kabisa.